Maji ya Uvunguni

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande: huyu nimemsimulia foleni ya Malampaka, yule nimemsimulia mume wangu kunywa maji yaliyotoka chini ya gari. Naona vipande hivyo vimekutana huko mliko na kuzaa hadithi nisiyoitambua. Sasa nimetulia nyumbani, naandika yote kwa mpangilio, tangu Dodoma hadi Kasoli.

DODOMA

Mama alikuja Dodoma kumwona mdogo wangu aliyejifungua, akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, mshono ukakauka, akaanza kutembea hatua chache kwa fremu. Hapo ndipo alipotangaza kwamba anarudi kwake Kasoli kabla pamba haijaisha kuchumwa. Daktari alimruhusu kwa masharti mawili: asafiri amelala, na anywe maji mengi.

"Mtu wa umri huu akilala sana huku maji yamepungua mwilini, damu inaganda na figo zinachoka," aliniambia mlangoni. "Nyonga nimeshaitengeneza. Msije mkamuua kwa kiu."

Nilisafiri na sentensi hiyo kama mtu anayesafiri na jino bovu.

Basi lisingefaa. Rajabu, rafiki wa mume wangu mwenye gereji, akatuazima gari-nyumba ambalo wazee wawili wa Kizungu walimwachia walipochoka kuzunguka Afrika. Lilikuwa jeupe, refu, lenye kitanda nyuma, choo cha kukaa, sinki dogo pembeni mwa kitanda na jiko la gesi. Maandishi yote ndani yake yalikuwa ya Kijerumani. Rajabu alinitembeza humo, na maelezo yake nayarudia kwa kuwa bila hayo hamtaelewa kilichotupata.

"Shemeji, sahau bomba la nyumbani," alisema. "Humu mamlaka ya maji ni wewe."

Tangi la maji safi liko chini ya kiti cha abiria. Pampu hulala kimya. Ukifungua bomba, msukumo wa maji unapungua, nayo inaamka na kukoroma mpaka ufunge. Kutoka kwenye pampu maji yanagawanyika: mengine yanakwenda bombani yakiwa ya baridi, mengine yanapitia kwenye hita iliyo chini ya kitanda, ambako yanapata moto kwa joto la injini. Maji ya sinki yakishatumika yanaingia tangi la pili. Choo kina sanduku lake peke yake, linavutwa kwa nje na kwenda kumwagwa, na likifungwa halitoi hata harufu. Karibu na mlango kuna geji ya taa nne. Tangi likijaa zinawaka zote, na kadiri maji yanavyopungua zinazimika moja moja.

Uvunguni, kando ya hita, niliona koki ndogo yenye mkono mfupi, kitufe cha bluu na mchoro kama nyota yenye matawi.

"Na hii?"

"Hiyo ya kwao. Hiyo nyota ndiyo barafu. Baridi ikizidi, kitufe kinaruka chenyewe, maji ya hita yanamwagika chini barabarani ili bomba zisipasuke. Huku kwetu haina kazi. Msiiguse."

Jambo moja Rajabu hakuweza kunieleza, maana ni la kwetu. Mume wangu, ambaye mimi namwita baba Sayi kwa jina la mtoto wetu, ni mtu wa Ipililo. Kwetu Wasukuma, mkwilima, yaani mume wa binti, huheshimiana na mama mkwe wake kwa kuepukana. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala mwanamume haingii anakolala mama mkwe. Mjini wengi wameacha. Hawa wawili hawajaacha, na miaka yote ya ndoa yangu mimi ndiye posta yao. Sasa walikuwa wanaingia nyumba moja yenye magurudumu, kitanda, choo na usukani chini ya paa moja, na katikati tumetundika pazia la maua.

DODOMA HADI SINGIDA

Tulipotoka tu mjini, Mama alinifukuza nyuma.

"Nenda mbele ukakae na mumeo. Mimi nalala. Mtu akilala anatazamwa?"

Nikamjazia kikombe, nikakiweka kwenye ukingo wa sinki ambako mkono wake ulifika, nikaenda mbele. Manyoni tulisimama. Baba Sayi akasema anakwenda kutafuta mahindi ya kuchoma, akapotea muda mrefu kuliko mahindi yanavyohitaji. Alikuwa anampa Mama nafasi. Mama alitumia choo, akanawa, akanywa kikombe kizima mbele yangu. Nikaona safari imeanza vizuri.

Kabla ya Singida askari wa barabarani alitusimamisha, akalizunguka gari taratibu.

"Hii ni ya chipsi?"

"Hapana, afande. Ni ya kulala."

"Anayelala nani?"

"Mama mkwe wangu," alisema baba Sayi, macho kwenye usukani.

Askari alimtazama kwa huruma kubwa. "Na wewe ndiye unayeendesha? Pita, kaka. Pita."

Singida penyewe, vijana wa mafuta ya alizeti walitukimbilia na madumu yanayong'aa juani. Mama akagonga dirisha akaniita.

"Nunua moja. Nitapokelewa na watu, niwakaangie nini, maneno?"

Dumu lilikuwa kubwa. Nililiburuza ndani, nikalisukuma uvunguni kwa mguu mpaka likakaa pembeni mwa hita, likabana vizuri, kana kwamba lilipimiwa pale.

SINGIDA HADI SHINYANGA

Kuanzia hapo pampu ikawa inakoroma mara kwa mara. Inakoroma kidogo, inanyamaza, tunakwenda, inakoroma tena. Kila ikikoroma nilijua Mama amefungua bomba la pale sinkini. Tulipofika Igunga taa ya nne ilikuwa imezimika.

"Anakunywa," nilimwambia baba Sayi. "Anakunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani."

"Usimfananishe mama mkwe wangu na ng'ombe."

"Kwa Msukuma hiyo ni sifa."

Alicheka, lakini bila sauti, kwa sababu ya pazia.

Nzega tulikula wali na kuku. Mama alionja matonge machache akasema ameshiba. Kikombe chake kilikuwa kitupu. Nilikijaza. Tuliposimama tena kilikuwa kitupu. Niliridhika, na katika ripoti niliyowatumia ndugu kwa simu niliandika: Mgonjwa anakunywa vizuri. Geji ilikuwa shahidi wangu, na kikombe nacho shahidi.

Shinyanga tuliegesha uani kwa gesti moja. Baba Sayi alikagua magurudumu, akachuchumaa upande wa nyuma kwa muda, akainuka bila kusema neno. Nilizima pampu, nikalala na Mama. Baba Sayi alilala gesti.

Asubuhi niliposhuka, gari halikuwa pale tulipoliacha. Lilikuwa limesogea, na mahali lilipokuwa jana mtu alikuwa amemwaga mchanga.

"Umesogeza gari?"

"Jua," alisema. "Lingempiga Mama."

Jua lilikuwa bado halijapanda juu ya ukuta. Niliona, nikaweka akilini, sikuuliza. Nilikwenda kuvuta sanduku la choo nikalimwage, nikijiandaa kubeba mzigo. Lilikuja mkononi jepesi kama begi la shule wakati wa likizo. Ndani yake hamkuwa na kitu zaidi ya kile cha Manyoni.

Nilirudi ndani nikaitazama geji. Taa mbili. Nusu ya tangi imekwenda, na mimi na baba Sayi tulikuwa tunakunywa maji ya chupa ambayo Mama hayataki, anasema yana ladha ya plastiki. Mama amekunywa nusu ya tangi, na hakuna kilichotoka.

Nilikaa kwenye ngazi ya gari. Niliyakumbuka maneno ya daktari kuhusu figo.

SHINYANGA HADI MALAMPAKA

"Mama, unakwenda chooni?"

"Naenda."

"Mara ngapi tangu jana?"

"Umekuwa karani wa sensa?"

Aliligeuzia uso dirisha. Maneno yake yalitoka polepole, yamekwama kwenye meno. Nilimpa kikombe akasema nikiweke, atakunywa. Nilipomweleza baba Sayi kuhusu sanduku, alishika usukani kwa mikono yote miwili. Alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo, akameza.

"Tunakwenda hospitali ya Maswa moja kwa moja," alisema.

Tulipita Mwigumbi tukakamata lami ya Maswa. Hatukwenda mbali. Lori la pamba lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, pamba imetapakaa kila upande kama manyoya ya kuku aliyenyonyolewa na upepo. Malori yalikuwa yamezima injini. Magari yenye haraka yalielekezwa njia ya vumbi inayopita Malampaka.

Njia hiyo ilikuwa na mawimbi ya bati. Sahani zilipiga kelele, mlango wa kabati ukafunguka wenyewe, na pampu ikaanza kukoroma bila kunyamaza. Taa ya pili ikazimika. Nilipopita pazia nilimkuta Mama macho yako wazi, midomo imepasuka. Kikombe kilikuwa kitupu tena, na sinki lilikuwa bichi.

"Nyanzobe," aliniita. "Fungeni ndama."

Nyanzobe ni dada yake. Amekufa zamani.

Nilizima pampu, nikarudi mbele. "Baba Sayi, simama penye watu. Popote."

MALAMPAKA

Palipokuwa na watu ni karibu na stesheni ya reli. Gari refu jeupe, lenye madirisha ya pazia, linasimama ghafla, mwanamke anashuka mbio anauliza zahanati iko wapi. Ningekuwa mimi niko pale ningefikiri walichofikiri wao. Kabla sijamaliza sentensi, wanawake wenye watoto mgongoni walikuwa wamepanga mstari, kadi za kliniki mkononi.

"Mnapima macho au meno?" mzee mmoja aliniuliza.

"Hatupimi chochote, baba."

"Basi mnagawa neti."

"Hatugawi. Kuna mgonjwa ndani."

Akageukia wenzake. "Wameshaanza. Mmoja yuko ndani."

Mstari ukarefuka. Baba Sayi alijaribu kueleza, akaambiwa asipendelee, kila mtu afuate zamu. Katikati ya kelele hizo akaja mwanamke wa makamo, sare ya uuguzi, kandambili miguuni, amekasirika toka mbali. Ndiye aliyekuwa zamu zahanati. Jina lake Milembe.

"Nani kawaruhusu kupima watu kwenye eneo langu bila kunipa taarifa?"

"Dada, hatupimi. Ni mama yangu. Amekunywa karibu tangi zima na hajakojoa tangu jana."

Alinitazama, akapanda ndani bila kuuliza tena. Alimsalimia Mama kwa Kisukuma, taratibu, salamu yote mpaka mwisho. Akambinya ngozi ya nyuma ya kiganja. Ngozi ilibaki imesimama. Akamtazama ulimi, akashuka kwenye vifundo vya miguu, akavibonyeza kwa kidole.

"Tangi zima, unasema."

"Karibu zima."

"Angekuwa amevimba mpaka macho. Huyu ulimi wake mkavu kama mchembe." Mnaijua michembe yetu, viazi vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vinalia vikigongana. "Hajanywa huyu. Maji unayoyasema hayamo ndani ya mama huyu, dada yangu. Yatafute yaliko baadaye. Kwanza anywe, sasa hivi. Akigoma, natundika dripu na kuita gari la wagonjwa, na sikufichi, kwa hali hii sitaki kungoja gari."

Alichanganya dawa ya maji ya chumvi na sukari kwa maji ya chupa yetu, akampelekea mdomoni. Mama akafumba midomo. Milembe akabembeleza, akatania, akakaripia. Midomo haikufunguka.

"Kulwa," Mama aliniambia, "toa watu."

Milembe alishuka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikainamisha sikio, maana sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Nikinywa, kitatoka."

"Ndiyo, Mama. Kinaingia chooni."

"Choo chenu kimetoboka. Tangu Singida nakisikia kinachuruzika hapa chini yangu. Kila kilichotoka kwangu kinaangukia barabarani, na baba Sayi anashuka anaona." Alipumzika. "Nimezaa watoto, nimezika mume, sijawahi kumwagikia mbele ya mkwilima wangu. Nikaona dawa yake nisinywe. Maji yako namwaga hapo sinkini."

Nilitega sikio. Nikasikia: chururu, chururu, chini ya godoro.

Nililala kifudifudi nikaingiza kichwa uvunguni. Dumu la alizeti lilikuwa limebana hapo tangu Singida, na kwa mtikisiko wa njia likazidi kusogea, kona yake imeukandamiza mkono wa ile koki yenye nyota. Kitufe cha bluu kilikuwa kimeruka nje. Maji yalikuwa yanapita pale na kuteremka kwenye kijibomba kinachotokeza chini ya gari. Niliweka kiganja. Yalikuwa ya vuguvugu, maana yalitoka kwenye hita.

Nilitoa kichwa dirishani. "Baba Sayi. Uliona maji chini ya gari?"

Alitazama viatu vyake. "Niliona."

"Lini?"

"Jana. Shinyanga."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mama Sayi?" Alishusha sauti, maana mstari wote ulikuwa unasikiliza. "Niliyagusa. Yalikuwa ya vuguvugu."

Nilimwelewa papo hapo. Ndiyo maana ya mchanga, ndiyo maana ya gari kusogezwa kabla ya jua. Alikuwa anamfichia mama mkwe wake aibu ambayo haikuwepo, na mama mkwe alikuwa anakufa kwa kiu ili amfichie yeye aibu hiyo hiyo. Mimi katikati nilikuwa nasoma geji.

Nikamweleza Mama, dirisha likiwa wazi: ni koki ya hita, ya barafu, maji safi ya tangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipapasa shavu kwa mkono mkavu.

"Tangu mdogo wewe ni mtoto wa kufunika. Unanifunika."

"Kweli, Mama."

"Nimesikia." Akafumba macho na midomo.

Milembe aligonga mlango. "Vipi?"

Nilirudi dirishani. "Amekataa," nilimwambia mume wangu. "Anasema namfariji."

Baba Sayi alisimama, mkono kiunoni, akitazama reli. Kisha akasema, "Usiifunge hiyo koki. Washa pampu. Nipe kikombe chake."

Niliwasha pampu, nikampa kikombe. Alipiga magoti kwenye vumbi upande wa nyuma, akaingia chini ya gari nusu mwili. Mstari ulisogea kuona.

"Sasa anapimwa dereva," yule mzee alisema. Hakuna aliyecheka.

Alitoka na kikombe kimejaa. Alikuja akasimama usawa wa dirisha la Mama, mbali kidogo, akageuka akampa mgongo, kama inavyompasa. Nilimwinua Mama kichwa, nikafungua pazia.

Tangu anioe hajawahi kutia kitu mdomoni mahali ambapo Mama anaona. Siku ya harusi yetu alishinda na njaa. Pale Malampaka, mbele ya watu wote wale, aliinua kikombe kile. Tuliona kisogo kinaegemea nyuma, tukaona koo likifanya kazi upande, funda baada ya funda, bila haraka. Alipomaliza alikinyoosha kikombe pembeni, akakipindua. Halikudondoka tone. Bado hakugeuka.

Mama alimtazama mgongoni muda mrefu.

"Amekunywa?"

"Umemwona."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Sijui alikuwa anapima nini moyoni, kama maji au mtu.

"Lete hicho cha nesi," akasema.

Alikunywa kikombe kimoja kwa kupumzika, akaomba kingine. Ndipo niliporudi uvunguni, nikaling'oa lile dumu, nikauweka sawa mkono wa koki na kukibonyeza kitufe cha bluu, nikakishikilia mpaka kikakubali kukaa. Chururu ikakoma. Pampu nayo ikanyamaza.

Wanawake wa mstari walituchotea maji kwenye bomba la jirani, ndoo baada ya ndoo, wakatujazia tangi. Milembe alitia dawa ya kuyasafisha, akaniagiza: kikombe kila mara, na kinachotakiwa sasa ni mkojo. "Usipotoka mpaka mfike Maswa, msiipite hospitali bila kuingia. Unanisikia? Msipite." Kisha akaugeukia mstari. "Na nyie, kadi mmezishika wenyewe na foleni mmejipanga wenyewe. Twendeni zahanati, kuna watoto hapa wamekwepa chanjo." Akaondoka nao wote nyuma yake, yule mzee akiwa wa mwisho, akiuliza kama kule kuna neti.

MALAMPAKA HADI BARIADI

Utaratibu mpya aliutunga baba Sayi, nikaupeleka nyuma ya pazia. Mama akihitaji choo, agonge ukuta mara mbili. Gari litasimama, dereva atashuka aende mbali, na hatarudi mpaka nipige honi.

Mama alifikiri. "Aende mbali kweli. Si kujificha nyuma ya gari."

"Anasema uende mbali," nilimpelekea.

"Nimesikia," alisema, na Mama naye bila shaka alisikia kwamba amesikia. Lakini posta ni posta.

Tukaondoka. Safari hii nilikaa nyuma, nikamshikia kikombe mwenyewe, nikayaona maji yakishuka kooni. Alikunywa. Tulipita mashamba ya mpunga uliokwisha vunwa, tulipita ng'ombe waliogoma kutupisha, alikunywa tena. Ukuta haukugongwa. Ulimi ulianza kulainika, aliacha kuniita Nyanzobe, akaniuliza kama nimekula. Ukuta haukugongwa. Nilitaka kumuuliza nikaogopa jibu.

Nyumba za Maswa zikaanza kuonekana. Baba Sayi akapunguza mwendo, akaongea bila kugeuka.

"Njia ya hospitali hii hapa inakuja. Niingie?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama dari.

"Ingia," nilisema.

Taa ya kukatia kona ikaanza kulia, tik, tik, tik. Katikati ya mlio huo nikasikia mlio mwingine, dhaifu, wa kiungo cha kidole juu ya ubao.

Ko, ko.

Alikanyaga breki sahani zote zikaja mbele. Alishuka na kuacha mlango wazi, akavuka mtaro, akapita mti wa kwanza, akapita wa pili, akazidi kwenda. Mama alitumia choo, na mimi niliyekuwa nimemshika kwapa nilijikuta nalia, ananiuliza nalilia nini, mkojo? Nilipopiga honi mume wangu alikuja akikimbia. Hakuuliza. Alinitazama kwenye kioo, nikaitikia kwa kichwa, naye akaizima ile taa ya kona.

Hospitali tuliingia hata hivyo, maana Milembe aliagiza na mimi si mtu wa kuacha neno nusu. Walimpima, wakamwacha apumzike, wakaturuhusu tuendelee. Kati ya Maswa na Bariadi tulisimama mara nyingi mno kwa njia fupi kama ile. Ko, ko, na baba Sayi anashuka kwenda kuangalia mashamba ya watu. Wapita njia walimsalimia, mmoja akamuuliza ni mnunuzi wa pamba wa kampuni gani. Kila kituo kilinipendeza. Bariadi tulinunua matobolwa ya moto, yale ya viazi vikavu vilivyochemshwa, Mama akala konzi nzima akalalamika kwamba hawakuyaivisha, na hapo nikajua amerudi.

KASOLI

Ndugu walikuwa wamepata habari. Tulipokata kona ya mwisho tuliwaona wamejaa barabarani mbele ya nyumba ya Mama, pamba iliyochumwa imerundikwa barazani nyuma yao, shangazi zangu mbele, vigelegele vimeshaanza. Kaka yangu mkubwa alikuwa amevaa koti. Baba Sayi alipunguza mwendo ili tuingie nao pamoja kwa heshima.

Ko, ko.

Tulikuwa hatua chache kutoka kwao. Alisimamisha gari palepale, akashuka, akaupita mkono wa kaka yangu uliokwisha kunyooshwa, akaingia shamba la pamba akatembea, mgongo kwetu, mpaka ikamfika kiunoni.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Shangazi mmoja akauliza tumegombana nini njiani. Kaka akabaki na mkono hewani. Watu wakaanza kunong'ona kwamba mkwe huyu ana kiburi, amemleta mgonjwa na hataki hata salamu.

Mama alipoashiria kwamba tumemaliza, aliniambia nimsogeze dirishani. Nilifungua pazia. Alikuwa amenawa uso, kitambaa kichwani amekifunga upya. Aliwatazama watu wake wote, kisha akatazama kule shambani.

"Mwacheni mkwilima wangu," aliwaambia. "Anakagua pamba."

Nikapiga honi.